Wanawake Wawili kwenye Kompyuta Moja

Binti wa dirishani alinitazama, akaitazama kompyuta, kisha akaniambia kwamba sijawahi kufanya kazi Afrika Kusini.

Nilicheka. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimeshona majoho ya makanisa na sare za kwaya katika karakana moja ya katikati ya Johannesburg, mpaka tajiri alipofunga. Kila mwezi walinikata mshahara kwa ajili ya mfuko wa wanaopoteza kazi, na sasa nilikuwa nimekuja ofisini kwao kudai changu. Mgongo wangu wenyewe ulikuwa shahidi, ila yule binti aliiamini zaidi kompyuta yake.

"Eish, Mama," alisema, "labda tajiri hakukuandikisha."

Nilimfuata tajiri nikiwa nimefura. Akanionyesha karatasi: aliniandikisha tangu mwanzo. Nikarudi ofisini. Safari hii mtu mwingine akanieleza kwamba aliyeacha kazi mwenyewe halipwi, kwa hiyo tajiri aandike kuwa alinipunguza. Akaongeza kwamba kila siku nne za kazi huzaa siku moja ya malipo, lakini malipo hayazidi mwaka hata ungefanya kazi maisha yako yote, na kwamba ukichelewa kuomba unapoteza vyote. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilipofika kwenye roboti, kama wanavyoziita taa za barabarani huku, zikawaka kijani mara mbili nikiwa bado nimesimama, nagawanya miaka yangu kwa nne. Sikupata jibu. Nilichojua ni kwamba mwenye nyumba wangu wa Kensington alikuwa amenivumilia vya kutosha, na mwisho wa mwezi angenitoa.

Mara ya tatu nilikaa foleni na Mkongo mmoja, mlinzi aliyeachishwa kazi. Akaomba kuona karatasi zangu.

"Mama, hii jina tajiri aliandika na hii ya kitambulisho hazifanane. Huyu mwanamke mwingine ni nani?"

Ni mimi. Na kosa lilikuwa langu.

Mume wangu alikuja kwetu Morogoro kama mpigania uhuru wa Afrika Kusini. Siku hizo wenzake wote walijipa majina mengine, ili ndugu zao waliobaki huku wasisumbuliwe. Nilimpenda kwa jina lile, nikaolewa nalo, likaandikwa kwenye cheti cha ndoa na kwenye pasipoti yangu. Tulipohamia kwao, mama yake alimwita kwa jina nisilolijua, naye akaitika. Siku ile nilijiona kama nimeolewa na mume wa mtu.

Kazi niliipata kabla ya kitambulisho, nikaandikishwa kwa pasipoti. Kitambulisho kilipotoka, kikiwa na jina la ukoo wao, nilipaswa kwenda kubadilisha jina kazini. Sikwenda. Karani wa karakana alikuwa na desturi ya kusimama mlangoni siku ya mshahara na kutuita mmoja mmoja kwa jina la mwisho. Jina la Morogoro, ambalo hata mume wangu alikuwa ameacha kuliitikia, lilitajwa kwa sauti mara moja kwa mwezi, nami nikajibu, "Nipo." Mume wangu alipofariki, nilizidi kuingoja siku hiyo. Ujinga, najua.

"Enda ku polisi," Mkongo alinishauri. "Batakupigia muhuri ule ya kiapo. Haulipe kitu."

Nilikwenda na binti yangu. Kiswahili anakisikia chote, lakini hunijibu kwa Kiingereza. Askari aliandika kwamba mimi na yule mwanamke ni mtu mmoja, na kwamba hapo awali nilitumia jina la uongo.

"Si la uongo!" nilifoka. "Niliolewa nalo!"

"Sawa, Mama. Sasa la kweli ni lipi?"

Nilimgeukia binti yangu.

"Ni jina tu, Ma," binti yangu alisema, naye amezaliwa na lile la ukoo na hajawahi kuwa na jingine.

Askari akafuta uongo, akaandika "jina la zamani". Nikatia sahihi.

Binti wa dirishani alikisoma kiapo, akabonyeza hiki na kile, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta. Tulikuwepo wote wawili, mmoja juu ya mwingine.

"Huyu wa chini lazima nimfute, Mama. Nikimfuta, siku zake zote zinahamia kwako, malipo yanaanza."

Nililitazama lile jina. Kaburini kwa mume wangu halipo. Kwenye karatasi za mtoto wetu halipo. Nikamwomba anichapie. Akasema printa imekufa tangu Jumatatu. Nyuma yangu watu walianza kuguna, na mwisho wa mwezi ulikuwa keshokutwa.

"Basi lisome kwanza," nilisema. "Kwa sauti."

Alinishangaa, lakini alikuwa na adabu. Akalisoma polepole, akilikosea kidogo, kama karani alivyolikosea miaka yote ile.

"Nipo," nikaitika. Kisha nikamwambia afute.