Gunzi la Mukendi

Taa mbili za mbele za lori langu zimenigharimu fizibo tisa, mifuko miwili ya unga wa mahindi, godoro moja na mama mzee ambaye si wangu. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau godoro. Pesa sizitaji. Mwaka ule wa kufukuzana, wenyeji wakiwatoa watu wa Kasai, pesa ya asubuhi haikununua chumvi ya jioni, na mwenye akili alipanga bei kwa unga.

Ndugu zangu wa Kasongo, mmeniuliza nilifuata nini Tenke wakati kila mwenye gari alikuwa amelifunika turubai. Nilifuata fizibo. Ni kile kipande kidogo chenye uzi ndani, ambacho umeme ukizidi hukatika chenyewe kabla gari halijaungua. Ya taa za lori langu ilikatika kila tulipowasha. Tukaweka mpya, ikakatika. Tukaweka nyingine, hivyo hivyo, mpaka sita. Na lori lisilo na taa husafiri mchana tu, mchana vizuizi vyote viko macho, na kila kizuizi kina bakuli lake. Unga ulioondoka Likasi ukiwa mfuko ulifika Kolwezi ukiwa nusu.

Mafundi wa umeme wa magari pale Kolwezi walikuwa karibu wote watu wa Kasai. Mji uliwafukuza kwanza, ndipo ukakumbuka nani alijua waya. Nilimpata mtu mmoja mtaa wa Musonoi aliyekuwa fundi tangu Jumatatu. Alizungushia fizibo karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaniambia, “Sasa haitakatika tena, mama.” Kweli haikukatika. Ziliungua waya zenyewe, na Sefu, dereva wangu, alizizima kwa chai yake.

“Mukendi ndiye aliyefunga waya hizi,” Sefu akasema, akitazama kikombe kitupu. “Yuko Tenke stesheni, anangoja treni ya waliofukuzwa kwenda Kasai.”

Asubuhi tuliondoka Kolwezi na mifuko minne ya unga nyuma. Daraja la Lualaba tulilivuka jua likiwa bado la upole, na ng'ambo yake tukakuta kamba barabarani. Kijana mmoja mwenye kofia ya chuma ya mgodini alilizunguka lori.

“Mama, fara yako inawaka?”

“Mchana huu umepoteza nini nikumulikie kwa taa?”

Wenzake wakamcheka. Yeye hakucheka. “Bakuli mbili,” akasema.

“Moja. Na ujue unga huu umeshalipa pale nyuma.”

“Moja na nusu, mama, juu ya ile kinywa yako.”

Nikapima mwenyewe, maana bakuli la mwenzio lina kina usichokijua.

Tenke tulifika alasiri. Stesheni niliyoizoea ni nyumba moja, bohari moja na reli zinazoachana, hii kwenda Likasi, hii Kolwezi, hii kaskazini. Siku ile sikuiona reli. Watu walilala kati ya vyuma, juu ya milango waliyong'oa kwenye nyumba zao, chini ya shuka zilizofungwa kwa kamba za katani. Palikuwa na vyerehani, kabati la vioo, picha za harusi. Watoto walikohoa kwa zamu. Nyuma ya bohari udongo ulikuwa mpya katika matuta madogo madogo, na hakuna aliyehitaji kunieleza kilichopandwa pale.

Mukendi alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la vyombo, akitafuna hindi la kuchoma, mke na watoto wakiwa nyuma yake. Mtu mrefu, mwenye madharau tangu zamani. Hata enzi za kazi nyingi alikufanyia kana kwamba anakusamehe.

“Mama Zaina! Minajua haukuya juu ya kunililia. Ulikuya juu ya fara.”

“Nilikuja kwa yote mawili. Tuanze na fara.”

Akacheka mpaka akakohoa. Nikampa mfuko mmoja wa unga kwa kazi. Hakuugusa.

“Mi sitaki paka unga tu. Mama yangu alibakia Kolwezi, ku Kapata. Siku balitupandisha mu vago ya treni, alikuwa ku shamba anachimba mihogo. Kurudi, anakuta bantu mu nyumba yetu, banapika na sufuria yake. Jirani mumoja, mama Mulunda, alimuficha, anasema ni mama yake mwenyewe. Chef de gare, mukubwa wa stesheni, anasema treni itapita kesho kutwa asubuhi. Uniletee mama yangu. Ile njo bei yangu.”

Nami nikasema bei yangu: mfuko mmoja sasa, wa pili nikimleta mama. Mwenye kushika chote hana haraka na kazi ya mwenzake. Akaniangalia.

“Sawa. Na mi pia nitatengeneza nusu.”

Nilidhani ni utani.

Alitoa fizibo iliyokatika, akaweka mahali pake balbu ndogo yenye waya mbili. Balbu ikawaka. Akachomoa taa ya kushoto, balbu ingali inawaka. Akachomoa ya kulia, vile vile. “Unaona? Fara hazina kosa,” akasema. “Courant, ile umeme, inatoka ku batri, inapita mu fara, inafanya kazi, njo inarudi kwabo. Lakini yako iko na waya kumoja inagusa chuma. Inaona njia ya fupi, inarudi kwabo mbio bila kutumika. Fizibo inakufa.”

“Siku hizi kila kitu kinarudishwa kwao,” nikasema.

“Paka mi tu sijue kwetu ni wapi. Nilizaliwa Kapata, barabara ya pili. Treni hii ndiyo itanionyesha.”

Akalala chini ya usukani, akawa anavuta waya moja moja na kuitazama balbu. Ghafla balbu ikazima. Akatabasamu, akaweka kiganja mbele ya alichokiona. “Sefu, niletee maji. Mama, wende upime unga wangu usikuwe umelowana.” Tuliporudi ubao wa chini ya usukani umeshafungwa kwa skurubu nne na taa zinawaka, zote mbili, nikaona vumbi la Tenke likielea mbele yake kama moshi.

“Wende polepole,” akasema. Akanipa fizibo tatu alizozitoa mfukoni. “Inashikilia. Ya kumaliza nitamaliza siku nitamuona mama. Minakujua, Mama Zaina. Nikikutengenezea yote leo, utanirudilia?”

Ningejibu kwa hasira, lakini mfuko wa pili ulikuwa ndani ya lori langu, na yeye alikuwa anautazama. Majirani aliokula nao miaka yote walimtoa nje na watoto wake. Kwa nini aniamini mimi, mfanyabiashara?

Usiku ule tulirudi Kolwezi, na taa zilishikilia njia nzima. Vizuizi vililala. Sefu aliimba. Kulipokucha tuliingia Kapata, kwenye mistari ya nyumba za kampuni zinazofanana kama meno, nyingi zikiwa hazina milango. Yule jirani alituzuia tusimchukue mama mchana, kwa sababu walioingia kwenye nyumba ya Mukendi wangedai alichobeba. Tulingoja giza. Nikamnunulia mama godoro, maana hakubakiwa na kitu cha kulalia.

Mama Ngalula, ndiye mama yake Mukendi, alitoka na jembe na kikapu cha mihogo. Nilimwambia aache jembe.

“Nitalima na nini huko kwenye munanipeleka? Vidole?”

Akapanda na jembe lake. Kabla hajapanda, mlangoni, jirani yake alimkumbatia, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, “Safari njema, mama yangu,” kisha akaingia ndani haraka.

Tulipita Lualaba salama. Baada ya daraja, pale ambapo malori ya madini yameikula barabara mpaka mfupa, Sefu alikwepa shimo moja akaingia lingine. Lori likaruka. Kitu kilidondoka karibu na miguu yake, na mbele yetu pakawa giza.

Tuliweka fizibo ya kwanza ya Mukendi. Ikakatika. Ya pili, ikakatika. Ya tatu niliishika muda mrefu kabla sijampa Sefu. Ilikatika kama wenzake. Sefu alifungua zile skurubu nne, tukamulika kwa tochi: waya, waya, waya, zote za rangi moja ya moshi na chai. Hatukuona kosa, na kile kilichodondoka hatukukikumbuka.

Treni ilikuwa ya asubuhi. Kwa hiyo nilishuka na tochi, nikatembea mbele ya lori langu mwenyewe kama naongoza ng'ombe, Sefu akinifuata kwa gia ya kwanza, na Mama Ngalula juu ya godoro akiniuliza kila baada ya muda, “Tunakaribia?” Nikajibu tunakaribia. Betri za tochi zilikwisha. Tulikaa pale tukingoja mapambazuko. Ndege wa kwanza alipolia Sefu aliwasha injini kabla sijamwambia.

Tenke tulifika jua limepanda. Reli ilionekana, yote, safi. Ilibaki milango, na kabati la vioo ambalo halikupata nafasi. Mfagiaji wa stesheni alituambia kwamba mtu mmoja mrefu aligombana na askari ili treni ingoje kidogo, kisha mke wake alimvuta kwa shati, akapanda wa mwisho. Treni nyingine? Hakujua, akaendelea kufagia.

Ndipo Sefu alipookota chini ya pedali kile kilichodondoka usiku. Gunzi la mahindi, limekatwa kwa kisu upande mmoja, limebanwa katikati na alama ya waya. Ndiyo matengenezo yote aliyoyafanya Mukendi: aliitenga waya na chuma kwa gunzi la hindi alilokuwa anatafuna, matengenezo yenyewe akayaweka akiba mpaka mama afike. Na mama hakufika kwa sababu ya akiba hiyo. Mimi nami mfuko wake wa pili ulikuwa bado nyuma ya lori.

Nilimweleza Mama Ngalula yote, na sehemu yangu pia. Alilichukua gunzi, akaligeuza.

“Meno ni yake,” akasema. “Kwa hiyo alikuwa anakula.”

Sasa anakaa kwangu Kolwezi. Mfuko wa pili ameula yeye, kwa haki, maana ulikuwa wa mwanawe. Amelima nyuma ya nyumba yangu bila kuniuliza. Jirani mmoja ameanza kuuliza yule mzee ametoka wapi. Nimemwambia Kasongo, kwa hiyo nanyi jueni mna shangazi mpya. Lori liko uani. Nilichojifunza ni kidogo: watu wawili wajanja wakiwekeana rehani, anayelipa ni wa tatu.

Wenye kufika Mwene-Ditu au Mbuji-Mayi, huko Kasai, kwa biashara, mtafuteni fundi umeme mrefu mwenye madharau. Nahitaji ushauri wake kwa mambo mawili, na asiniletee nusu. Mama yake nimpandishe treni peke yake, au yeye atamfuata? Na gunzi linakaa kwenye waya gani? Aeleze vizuri kwa maneno, kwa sababu gunzi lenyewe siwezi tena kulijaribu. Liko chini ya godoro, na mzee hataki kulitoa.