Mama wa Malakisi Kwenye Karamu ya Kituruki

Nilipomaliza shule ya sekondari nilijipatia gita, nikajifunza kulipiga kwa kitabu cha noti. Nilipoajiriwa karani katika hoteli moja ndogo ya Kitale, miaka michache baada ya vita vya pili, nililitundika ukutani nyuma ya meza yangu ili wageni walione.

Hoteli ilikuwa ya Mturuki na mke wake. Mume alikuja nchini kuwafundisha watu wa Malakisi kukausha tumbaku. Tumbaku ilipomchosha alikodi nyumba ya setla aliyerudi kwao, akaanza kupokea wasafiri walioshuka treni na kupumzika kabla ya kwenda Uganda au kupanda Mlima Elgon. Kila Jumamosi jioni mke aliwaandalia karamu ya kwao. Palikuwa na nyama ya kondoo kwenye mishikaki, biringanya zilizojazwa nyama, wali uliofungwa kwenye majani ya kabichi kwa sababu mizabibu haikuwapo, na maziwa lala yetu, ambayo aliyatia tango na kitunguu saumu na kuapa kwamba ni ya Uturuki. Baada ya kula ilikuja kahawa ya vikombe vidogo, kisha muziki na ngoma.

Muziki ulikuwa wa mume mpaka baridi yabisi ilipomshika vidole. Hapo nilingoja niitwe, nikaitwa. Nilipiga nyimbo tatu nimesimama wima. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzuri," alisema. "Lakini hii ya kanisa."

Wiki ile ile rika langu alileta siagi. Alikuwa mkamaji katika shamba la setla huko Endebess, na kila Jumamosi alikuja na lori la maziwa. Tulitahiriwa mwaka mmoja, tukapakwa matope ya mto mmoja, kwa hiyo kutukanana kwetu hakukuwa na mpaka.

"Karani," aliniita kutoka uani, "bado unalinda kalamu isitoroke?"

"Na wewe bado unanuka ng'ombe."

"Ng'ombe ndiye ananuka mimi. Muulize."

Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Mgongoni alibeba litungu, kinubi chetu cha nyuzi saba, na alipokuwa akingoja mikebe yake ioshwe aliketi kwenye ngazi ya jikoni akaanza kulipiga, mabega yakimtikisika kama yanavyotikisika ngoma ikimpata mtu wa kwetu. Mama Mturuki alitoka jikoni na punje za wali vidoleni. Alisimama pale mpaka wali ukamkaukia mkononi, na macho yake yalikuwa yamelowa. Kisha akasema kitu kwa Kiswahili chake cha haraka, akionyesha ukumbini.

Rika langu alinigeukia. "Rika, si ananiita mimi? Ama anakuita wewe?"

"Wewe," nilisema. Nimesema maneno mengi mabaya maishani, lakini hilo ndilo lililonipalia zaidi kooni.

Basi kila Jumamosi akawa yeye. Walimvika tarbushi, suruali pana na kizibao chekundu kilichotariziwa, bila shati ndani. Alipiga litungu, mama akacheza na kitambaa mkononi, na rika akamjibu kwa mabega. Wazungu waligonga meza kwa vijiko. Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha viti vyao. Nilisimama mlangoni na orodha ya majina, nimevaa tai, na nilitamani uzi mmoja ukatike. Haukukatika.

Mke wangu alianza kuja jioni hizo kusimama dirishani upande wa jikoni. Siku moja nyumbani, akichekecha unga, nilimsikia akiimba wimbo wa rika chini chini.

"Unaimba nini?"

"Kwani niliimba?"

Sikulala vizuri kwa sababu ya swali hilo. Mke wangu hakuwa na kosa, wala rika. Yeye hata hakujua kwamba kuna mashindano. "Si ulete gita yako tupige pamoja?" aliniambia. Nilimjibu kwamba limekatika uzi. Lilikuwa zima, juu ya kichwa changu, na aliliona.

Sasa nieleze desturi yetu. Mwanamume na mama mkwe wake hawakutani. Wakionana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawapeani mkono, na mkwe akiwa kifua wazi kuonekana na mama mkwe wake ni aibu isiyofutika kwa maneno. Rika alikuwa ameoa Malakisi mwaka uliotangulia, na mshenga wake nilikuwa mimi. Mama mkwe wake nilimjua vizuri, na alinipenda.

Mama Mturuki naye alikuwa na desturi yake. Ngoma ilipofika kileleni aliwavuta kwa mkono wanawake wa jikoni, akawaingiza ukumbini ili wageni wawapigie makofi. Hilo pia nililijua.

Nilitumwa Malakisi kumchukulia bwana tumbaku. Nikiwa huko nilipita kwa yule mama, nikamwambia hotelini tunatarajia wageni wengi Jumamosi na tunahitaji mikono ya kufunga majani.

"Kitale?" aliuliza. "Si mkwe wangu yuko huko?"

"Yuko Endebess."

"Naye haji mjini?"

"Endebess ni mbali, mama."

Alicheka, akasema basi ataona treni. Alipanda basi siku ya Ijumaa, akalala kwangu, na mke wangu akamwazima leso nzuri. Jumamosi mchana niliwaambia wapishi siagi ipokelewe kwa mlango wa mbele, ili rika asipite jikoni. Nilipanga kila kitu vizuri, kama nilivyofundishwa shuleni.

Ilikuwa kama saa mbili usiku. Rika alikuwa katikati ya ukumbi, jasho likimtiririka kifuani, mabega yakienda kasi ambayo sijaiona tena. Mlango wa jikoni ukafunguka, na mama Mturuki akaingia akicheka, akimvuta mama wa Malakisi kwa mkono.

Mama alimwona. Alijifunika uso kwa leso, akageuka, akaketi sakafuni akiutazama ukuta. Rika aliacha kupiga. Aliliweka litungu chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akatoka kwa kupitia dirishani na tarbushi yake. Wageni walidhani ni sehemu ya mchezo. Walipiga makofi muda mrefu, na mimi, Mungu anisamehe, nilipiga pia.

Jumamosi iliyofuata nilipewa kizibao. Baada ya nyimbo mbili mama Mturuki aliniwekea mkono begani kwa upole, akaenda kuwasha gramafoni.

Wazee waliamua rika atoe kondoo wa kuondoa aibu ile. Nani ampeleke? Mshenga. Nilimkokota kondoo yule tangu kituo cha basi mpaka kwa mama, na mama akamfunga kwenye mti bila kuniangalia.

"Uliniambia Endebess ni mbali," alisema.

Niliinama kufuta vumbi viatuni.

"Mwanangu ana mimba. Nikimwambia mkwe wangu, atakuua, na mtoto atazaliwa baba yake yuko jela. Kwa hiyo sitasema. Lakini usidhani nimekunyamazia wewe."

Alikaa kimya hadi alipokufa. Rika langu hakupiga tena. Nililirudisha litungu lake mimi mwenyewe, akalitundika juu ya moshi, na panya wakala ngozi. Kila tulipokutana, Kitale au sokoni Bungoma, alinishika mkono kwa mikono yote miwili. "Rika, wewe ulinipelekea kondoo. Mwingine angenikimbia." Nimeshukuriwa hivyo zaidi ya miaka thelathini, na kila mara nimeitikia.

Mwezi uliopita mjukuu wake aliniuliza kama ni kweli babu alikuwa mpigaji. Nilimwambia ndiyo. Akauliza kwa nini aliacha, nikamwambia amuulize mwenyewe.

Ndiyo maana nimeandika haya. Rika langu hajui kusoma, na sitaki kijana yule amsomee. Itabidi nimsomee mimi, nimeketi mbele yake, na nikifika kwenye safari ya Malakisi nisiruke mstari.