Siku Maneno Yalipomtoroka Wilf Ormerod

Wilf Ormerod alichekesha watu miaka arobaini na sita, na miaka yote hiyo alikuwa mwoga. Nasema kwa kuwa mimi ndiye niliyempigia piano. Kabla ya kila onyesho alitapika kwenye ndoo, akasukutua, akakaza tai, akatoka jukwaani kama mtu anayeingia kwake.

Alizaliwa Oldham, kaskazini mwa Uingereza, mama yake akifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba. Alianzia kwenye vilabu vya wafanyakazi, ambako usipochekesha unazomewa mpaka mlangoni. Kisha akakutana na Dilys Prosser, mwanamke wa Wales, karani wa posta, mwenye ulimi kama wembe. Wakaandika vichekesho vya redio pamoja, jikoni kwa Dilys; Wilf akizunguka meza, Dilys akipiga taipu.

Hofu ya ndoo tuliizoea. Iliyomjia akiwa na miaka sabini na mbili ilikuwa nyingine. Asubuhi moja alishika birika, akalitazama, jina la chombo hicho likakataa kuja. Hakumwambia mtu wakati ule. Akaanza kuandika maneno kwenye mikono ya shati.

"Wilf, shati limekuwa gazeti?" Dilys akamuuliza.

"Wino umevuja."

"Ukavuja kwa mwandiko?"

Akavaa koti, na joto lote lile.

Julai ya mwaka huo tulikuwa Cromer, mji wa pwani, kwenye ukumbi uliojengwa juu ya gati, onyesho la mchana. Katikati ya kichekesho cha muuza nyama, alichokitoa mara mia kadhaa, Wilf alinyamaza. Watu wakadhani ni mbinu, wakacheka. Kicheko kikaisha. Nikasikia bahari ikigonga nguzo chini yetu. Wilf akanigeukia, mdomo wazi.

"Mwamsheni!" bwana mmoja akapaza sauti. "Babu kalala kasimama!"

Nikagusa piano, vidole vikakosea. Ndipo Dilys, ambaye hakuwahi kupanda jukwaani maishani, akatokea pembeni na mkoba wake.

"We muuza nyama, soseji zangu ziko wapi?"

Wilf akamgeukia. "Nimezila."

"Zote?"

"Niliogopa zitaharibika. Naogopa kila kitu, Dilys."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi na Dilys tulijua hakuwa akiigiza.

Nyuma ya pazia Dilys akamkalisha kwenye sanduku la nguo. "Tangu lini?"

"Februari. Usinipeleke kwa daktari. Akishasema, itakuwa kweli."

"Ni kweli tayari, mjinga wee. Twende wote."

Daktari alisema ubongo unachakaa, na hautarudi ulivyokuwa. Wilf hakupanda jukwaani tena. Bado yeye na Dilys wanaandika, vipande vifupi tu. Neno likimpotea, Dilys humtajia matatu ya uongo, wagombane kwanza, ndipo ampe la kweli. Vipande vingine ni vizuri kuliko vya zamani.

Lakini hofu haijamtoka. Jumanne iliyopita nilipomtembelea alinishika kiganja akakibana. "Leo tuna onyesho?"

"Hatuna, Wilf."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hakuniachia mpaka Dilys alipoleta chai.