Inas hataki wimbo urukwe

Saa tatu asubuhi, mkutubi Inas Rizq amekaa kwenye meza ya nyuma ya maktaba moja ya Shubra, Cairo, hedifoni masikioni, chai yake imeshapoa. Anatazama filamu moja ya kupitiwa kwa mara ya nne. Waigizaji wakizungumza, ametulia tu. Wakianza kuimba, anachukua kalamu.

Wenzake walizoea kufanya kinyume. Kamati ya maktaba ni watu watatu, na filamu za kupitia kabla ya kuoneshwa hufika arobaini kwa mwaka, kwa hiyo nyimbo zilikuwa zikirukwa ili kuokoa muda. Wimbo ni wimbo, walisema, kisa kiko kwenye mazungumzo.

"Na mimi nilikuwa mmoja wao, tena bingwa wa kuruka," anasema Inas, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, huku akicheka kwa aibu.

Miaka minne iliyopita alipitisha hivyohivyo filamu moja ya kuchekesha. Ndani ya wimbo aliouruka mlikuwa na kejeli juu ya Wasaidi, watu wa kusini, kwamba ni wazito wa kuelewa. Vijana waliudaka siku ilipooneshwa wakamwimbia msichana aliyehamia kutoka Sohag, huko kusini. Msichana hakurudi tena maktabani.

Inas alikwenda kwao kuomba radhi. Akanyweshwa chai, akaambiwa hakuna neno. "Hilo 'hakuna neno' linanichoma mpaka leo," anasema.

Rafu ya vijana hupata filamu mpya moja tu kwa mwaka. Safari hii amechagua filamu ya nyimbo kuhusu binti anayetolewa shule akashone kiwandani, ili anunue vyombo vya ndoa yake. Shubra hapa jambo hilo si geni. Ziko nyumba ambazo seti za sahani zimejaa chini ya vitanda, na binti mwenyewe hajachumbiwa.

Nagat, msomaji hodari kuliko wote maktabani, ana miaka kumi na mitano. Naye amepangiwa kuanza kiwandani mitihani ikiisha.

Mwenyekiti wa kamati, Ustadh Wagdi, hakuwa na neno na filamu. Aligomea wimbo mmoja, ule ambao binti anamhesabia mama yake sahani na kumuuliza ni ya ngapi itakayomrudisha darasani.

"Huo tuukate, Abla Inas," alisema, akimwita kwa heshima kama dada mkubwa. " Unafundisha watoto kujibizana na mama zao."

"Tukiukata, Ustadh, kinabaki nini? Harusi na ngoma?"

"Watu wanapenda harusi."

"Basi waende harusini, wakale bure!"

Mshahara wa Inas ni pauni elfu saba kwa mwezi, na haubadiliki hata akiruka filamu nzima. Angeweza kunyamaza. Badala yake alikubali sharti gumu: filamu ioneshwe Alhamisi bila kukatwa, mbele ya vijana na mama zao, na mama mmoja tu akilalamika, wimbo unatoka.

Alhamisi hiyo chumba kilijaa. Watu walitafuna mbegu za maboga na kutaniana mpaka ulipofika wimbo wa sahani. Umm Nagat, mama yake Nagat, akasimama. Ustadh Wagdi akafungua kalamu.

"Urudisheni nyuma huo," alisema mama yule.

"Umekuudhi, Umm Nagat?" aliuliza Wagdi, kwa matumaini.

"Umeniudhi sana. Rudisha!"

Aliusikiliza wote akiwa amesimama. Filamu ilipoisha, akaenda moja kwa moja mezani.

"Nipeni niende nayo. Baba yake Nagat hajauona."

"Bado haina muhuri wa maktaba, mama," alisema Wagdi.

"Si huo hapo mkononi mwako? Au unasubiri nikushikie mkono?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Ustadh Wagdi akapiga muhuri, na kwa haki yake niseme, naye alicheka.

Filamu huazimwa kwa siku tatu. Leo ni siku ya tisa na haijarudi. Umm Nagat hajaahidi lolote, na Inas hajamuuliza.

"Sheria inataka nitoze faini," anasema. "Sitozi. Wakae nayo mpaka Septemba, shule zifunguliwe. Nataka Nagat mwenyewe airudishe, amevaa sare."