Binamu yangu alifungiwa kwenye tangi la meli chelezoni

Asalaam aleikum wakuu. Hapa Garissa nikisimulia haya vijana wananicheka, eti watu wa ngamia na meli wapi na wapi. Nawaletea nyinyi kama yalivyotokea, sina cha kuongeza.

Tulitoka Garissa mimi na Bishar, mtoto wa baba yangu mdogo, mzaliwa wa Kutulo. Hola, Garsen, Malindi. Kila kizuizi tunashushwa, vitambulisho vinageuzwa geuzwa, tunapanda tena. Tulipofika Mombasa, Bishar aliitazama bahari akauliza kwa nini Mungu aliweka maji mengi hivyo mahali pasipo na ngamia.

Tukapata kazi ya kubandua kutu kwenye meli kubwa ya abiria iliyokuwa ikikarabatiwa. Iliingizwa chelezoni, maji yakavutwa yote, ikabaki imekaa juu ya magogo. Juu mafundi wanabadilisha mabati na kupaka vyumba rangi. Sisi tuko chini, ndani ya matangi, na nyundo.

Sasa mtu aliyekulia machungani, jua likiwa la utosi hutafuta kivuli akajilaza. Haombi ruhusa. Amwombe nani, ngamia?

Siku hiyo Bishar alikula, akaingia kwenye tangi tulilokwisha kulimaliza kwa sababu lilikuwa na ubaridi, akalala nyuma ya ukuta wa chuma. Watu wa kufunga wakaja, wakaita, wakamulika, hawakumwona. Mfuniko ukakazwa bolti. Jioni ile tangi lilikuwa lijazwe maji.

Nilimtafuta kila mahali. Fomeni wetu, mzee Bakari wa Likoni, akasema huyo keshafuata ngamia zake.

Halafu, katikati ya nyundo zote, nikasikia moja isiyobandua kutu.

Kwetu kisimani, wanaopokezana ndoo huimba, na wimbo una mapigo yake: mawili mazito, moja jepesi, kimya. Nikajibu kwa nyundo yangu. Nikajibiwa.

Nilimshika mzee mkono. "Maji yasifunguliwe. Ndugu yangu yumo humu."

Hakubishana. Alipiga filimbi, nyundo zote zikanyamaza, na sote tukasikia meli ikigongwa kutoka tumboni.

Bishar alitoka amelowa jasho, mzima, alhamdulillahi. Bakari akamtazama juu hadi chini. "Mwanangu, hii ni meli ya abiria. Ulitaka kusafiri bure?"

"Mimi nalala kidogo tu, mzee. Lakini hii nyumba yenu ya chuma, habana, silali tena."

Tulicheka mpaka nikajikuta nalia.

Tulibaki hadi siku maji yalipoingizwa chelezoni. Meli ikajiinua kutoka kwenye magogo kama ngamia, nyuma kwanza. Bishar akaitazama mpaka ikaelea, kisha akachukua begi lake. Nami nikachukua langu. Sijarudi tena, ingawa harufu ya rangi mbichi bado hunirudisha.

Funzo langu: ukienda kazi ngeni, mwambie mtu unalala wapi. Bishar yuko Kutulo na mifugo yake, na hata leo akienda kivulini humuaga mkewe kwanza.

Kuna waliowahi kufanya kazi chelezoni humu? Nyinyi mlikuwa mnapumzikia wapi?