Simu Iliyonikosoa Mbele ya Wakwe

Leo simu imenikosoa mbele ya wakwe. Mimi!

Binti yangu Adhiambo ni daktari wa kompyuta, yule wa utafiti, chuoni. Ametengeneza programu ya kufundisha wazee kusoma, akaileta hapa kijijini Pap Onditi tuijaribu mimi na wazee wenzangu, wakwe zangu wakiwemo. Nikasema naanza mimi, kichwa changu ni moto, nashika haraka.

Nikabonyeza herufi. Simu ikapaza sauti: "Umekosea!"

Yawa! Nikaiweka chini, nikasimama. Wazee wenzangu pia wakasimama, tunaondoka.

"Baba, mkienda utafiti wangu umekufa!"

"Basi ifundishe adabu."

Akarekodi sauti yake hapo hapo. Nikabonyeza tena, nikakosea tena. Simu ikasema kwa sauti yake: "Mzee, hebu tuangalie pamoja."

Hapo sasa! Tukakaa wote.

Nimekosea mara nyingi leo, lakini baada ya ile ya kwanza zote zilikuwa za makusudi, niisikie tena adabu yake. Mnacheka nini?