Maua ya Hina Shavuni

Watu wa mji wetu wa Baraka wakiingia studioni kwangu, karibu wote wanataka kwenda Dubai. Sisemi safari, nasema pazia la nyuma ya picha. Wanataka maghorofa, gari jeupe, wakati mwingine ndege nzima, na wao wamesimama mbele yake na ndala zao za kila siku. Nawafanyia, maana ndiyo kazi inayonilisha, lakini nanuna, na mimi nikinuna sijui kuficha. Wakishajiona kwenye tableti hunipa agizo la pili: "Sasa safisha sura." Kusafisha sura ni kufuta chunusi, makovu na mikunjo, na kuing'arisha ngozi kidogo, mpaka mkulima wa Lubondja na mfanyabiashara wa sokoni watoke na ngozi ile ile, kama sahani mbili za seti moja.

Mara moja tu mteja alinifunga mdomo. Alikuwa mama Mrundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda, amekuja na kitenge chake kizuri kimekunjwa ndani ya mfuko. Hakutaka Dubai. Alitaka mlima wa kwao. Nikamtafutia mlima wa kijani nikamsimamisha mbele yake. Akatikisa kichwa, akasema kwao kuna migomba upande huu na njia ya maji upande ule. Tukahangaika mchana kutwa, yeye akielekeza kwa kidole, mimi nikichora mgomba mmoja mmoja. Alipoondoka nilikuwa nimechoka na hasira imeniisha. Ni picha ninayoipenda kuliko nyingi nilizowahi kufanya.

Wateja wakiisha, najirudia mimi. Najipiga picha mwenyewe, kisha naichorea juu kwa kidole, maana kalamu ya tableti ilivunjika zamani. Nikiwa na hasira, najitoa moshi masikioni. Niliposhikwa na malaria nilijichora nimejaa maji mpaka machoni, ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, wanapita shingoni. Mambo yangu nikiyasema kwa mdomo lazima nigombane na mtu, kwa hiyo nayasema hivyo. Mama aliiona moja akauliza, "Mwanangu, unaharibu sura yako juu ya nini?" Nikamwambia siiharibu, najisema. Akanitazama kwa huruma akanimiminia chai.

Nyumbani kwetu mtu mmoja hakuwahi kukaa mbele ya kamera yangu: dada yangu mkubwa, yule ninayemfuata. Namwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu huku. Ana kovu la kuungua upande wa kulia, linaanza chini ya jicho na kushuka mpaka shingoni, ngozi imejikunja na inang'aa. Katika picha za familia utamtafuta kwa taabu. Amembeba mtoto wa jirani mbele ya uso, au amegeuka, au umeonekana mtandio wake tu pembeni. Usidhani ni mtu wa huzuni. Ni fundi cherehani, na akicheka wapita njia wanageuka. Kamera tu ndiyo aliyoikataa.

Jinsi alivyoungua tunajua wote, na hakuna anayelitaja jambo hilo. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Shangazi yetu, dada wa baba, alikuwa uani anakaanga mandazi. Mtu akabisha hodi, shangazi akageuka kuitika, na salamu za kwetu si fupi: habari za nyumbani, za watoto, za wagonjwa, za mvua. Nyuma yake mtoto akalivuta karai la mafuta. Tangu hapo shangazi hakukaanga tena mandazi. Alishika kazi ya hina, na leo ni nadra kumpata bibi harusi wa Kiislamu hapa kwetu ambaye mikono yake haikupita kwake. Dada yangu akimsalimia, shangazi huitika akitazama bega. Akimbusu, humbusu shavu la kushoto. Sikuwahi kumwona akiligusa la kulia.

Basi yaya akapata mchumba. Ni seremala wa Nundu, mtu mpole, aliyekuja kupunguza suruali akarudi mara nyingi kuliko suruali alizo nazo. Tulifurahi sote, na mimi nilifurahi mpaka nikawa mwema kwa wateja wiki nzima. Lakini harusi ya siku hizi haikamiliki bila kaliko, lile bango kubwa la plastiki linalotundikwa mlangoni mwa uwanja, lenye picha za bwana na bibi harusi bega kwa bega. Bwana harusi alileta yake mapema, amevaa koti la kaka yake, mabega yamempita. Pembeni yake, mahali pa dada yangu, pakabaki peupe.

"Weka ua," yaya aliniambia. "Waridi moja tu. Kuko harusi mingi banaweka ua."

Ni kweli. Zipo familia ambazo hazitaki sura ya binti yao ikae barabarani, basi wanaweka waridi, na hakuna anayeuliza. Yetu si familia ya namna hiyo. Binamu zetu wote walitundikwa na macho yao na wanja wao. Nikamuuliza kama kweli moyo wake unataka ua. Alikuwa anashona gauni la mtu, akakata uzi kwa meno, akasema, "Nataka ile siku bantu baone ni mi naolewa. Lakini sitaki banione." Nikaliacha lile pengo jinsi lilivyo.

Habari ya waridi ilimfikia shangazi. Alikuja studioni siku ile ile ambayo fundi wa kuchapa alikuwa anaingoja picha kule Uvira, ili bango lipande gari la kesho yake. Alimkokota yaya kwa mkono, na alikuwa amefura.

"Ua?" alisema kabla hajakaa. "Bageni batatoka Uvira, bengine Kigoma, halafu baone ua? Batasema tunaficha kilema. Mupige foto, kisha umusafishe ile sura. Si we unasafishaka sura ya bantu bote?"

Jibu baya lilikuwa limeshanifika kwenye meno. Nikaona vidole vyake, vyekundu kwa hina ya miaka, vinakunja na kukunjua pindo la kitenge. Nikalimeza jibu langu. Yaya mwenyewe aliinua mabega tu, akakaa kwenye kiti cha wateja kama mtu anayengoja kung'olewa jino.

Nikafungua dirisha, mwanga ukaingia wa pembeni. Akanipa shavu la kushoto. Nikamwambia, "Yaya, nitazame mimi." Akageuka polepole, mtandio ukateleza, na kwa mara ya kwanza niliutazama uso wa dada yangu wote kwa pamoja. Nimelala naye kitanda kimoja utoto mzima, nikawa siujui. Nikapiga.

Kisha nikafanya nilivyoagizwa. Kusafisha hakuchukui muda, ndiyo maana nakuchukia. Unapitisha kidole na kitu kilichomkaa mtu maisha yake yote kinaondoka. Shavu likatoka laini na sawasawa. Shangazi akashusha pumzi ndefu.

"Sasa sawa," alisema. "Angalia, mama, angalia vile uko muzuri."

Yaya alichukua tableti kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali, akaileta karibu tena.

"Huyu ni nani?"

"Ni we, mama."

"Apana, shangazi. Huyu mi simujui." Sauti yake haikuwa na ugomvi wowote, na ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Ule bwana ataoa huyu? Na mi nitaenda wapi?"

Shangazi akatazama sakafu. Simu yangu ikalia. Fundi wa Uvira anauliza kama anachapa ua au anachapa mtu. Nikamwambia asubiri, kwa ukali ambao hakuustahili. Nikarudisha picha ya kwanza, ile yenye kovu. Kisha nikamfungulia yaya picha zangu mwenyewe, zile ninazojichorea. Akaona moshi masikioni, akacheka kile kicheko chake cha kugeuza wapita njia. Akaona ndagala shingoni, akaacha kucheka, akaniuliza siku ile nilikuwa nikijisikiaje. Nikamwambia. Hatukuwahi kuzungumza hivyo.

"We unajichoraka vile uko," alisema. "Mi vilevile nataka banichore."

"Nikuchore nini, yaya?"

Alitazama picha yake, halafu akatazama vidole vyekundu vya shangazi.

"Apana we. Shangazi anichore." Akamgeukia. "Shangazi, babibi harusi bote unabachoreaka mikono. Mi unichoree hapa." Akaweka kidole juu ya kioo, pale pale kwenye kovu.

Shangazi alirudi nyuma na kiti chake. "Mi sijuwi mashini."

"Ni kidole tu," nilimwambia. Nikachagua rangi ya hina iliyokauka vizuri, nikalikuza lile shavu mpaka likajaa kioo kizima, nikaweka tableti kwenye mapaja yake.

Mkono wake uliinuka ukabaki hewani. Uso ulikuwa umembadilika, na hapo ndipo nilipoelewa, mimi mwerevu wa sura za watu, kwamba shangazi hakuwa akiwafikiria wageni wa Kigoma hata kidogo. Aliyetaka lile kovu lisiwepo alikuwa yeye. Alitaka aone siku moja tu, hata katika plastiki, mtoto ambaye yeye hakumgeuzia mgongo. Nilimhurumia kwa ghafla mpaka nikatazama dirishani.

Akaanza chini, shingoni. Mstari wa kwanza ulitoka umepinda, akataka kuacha, nikamfutia, akarudia. Wa pili ulishika. Bua likapanda, likatoa jani. Pale ngozi ilipojikunja hakuvuka mkunjo, aliufuata, na kila mkunjo ukawa ukingo wa jani, kama anavyofuata mistari ya kiganja anapowapamba mabibi harusi. Bua likachanua ua. Yaya alikuwa ameinamia bega la shangazi, pumzi zao zinagusana. Kovu halikufichwa. Lilionekana zaidi kuliko mwanzo, sasa likiwa na majani.

Kilipofika chini ya jicho, kidole kikasimama.

"Iko nakuuma?" shangazi aliuliza.

Aliiuliza picha. Macho hakuyainua.

Yaya akauchukua mkono wa pili wa shangazi, ule usio na kazi, akauweka kwenye shavu lake mwenyewe, la kulia, akaushikilia pale.

"Apana, shangazi. Iliachaka kuuma zamani sana. Nilikuwa nangoja tu uniulize."

Shangazi alilia bila sauti na hakuutoa mkono. Simu ililia tena, nikaizima. Alilimalizia lile ua la mwisho kwa mkono mmoja, taratibu, machozi yakidondoka kwenye kioo na mimi nikiyapangusa kwa pindo la mtandio wangu ili kioo kisijichoree chenyewe. Kisha nikaituma picha Uvira kama ilivyo, bila kusafisha kitu.